Kuongoza msafara wa baiskeli njia za vumbi milimani bila kuacha mtu: mwongozo kamili

Malalamiko ni yale yale kila klabu inaporudi kutoka milimani. Kundi lilikatika vipande vitatu. Wawili waliingia njia ya shamba wakatokea kijiji kisicho chao. Mmoja alifika mjini saa mbili usiku nyuma ya bodaboda, baiskeli ameipakata. Wengi hukilaumu kilima, na hapo ndipo wanapokosea. Anayechoka kilimani huonekana na husubiriwa. Kundi hukatika njia panda, halafu hukatika tena kwenye mteremko, pale kila mmoja anapokimbia kivyake. Sehemu mbili hizo tumezipa nafasi kubwa kuliko nyingine zote.

Mifano ni ya Lushoto, Usambara Magharibi, kwa sababu kila kinachosumbua msafara kipo pale: mwinuko mkali, udongo mwekundu wa mfinyanzi, msitu usio na mtandao, na njia za miguu zinazogawanyika kila baada ya shamba. Anayepanga safari ya Uluguru, Upare, Taita au Ngong afuate hatua hizi hizi.

## Vinavyohitajika

Kila mpanda baiskeli awe na:

- Baiskeli ya mlimani yenye tairi za meno, upana wa inchi 2.1 au zaidi.
- Gia nyepesi. Hesabu meno: gia ndogo ya mbele isizidi gia kubwa ya nyuma. Mbele 32 na nyuma 46 ni raha. Mbele 22 na nyuma 34, kama baiskeli nyingi za zamani, inatosha. Mbele 42 na nyuma 28, jiandae kusukuma siku nzima.
- Kofia ngumu, glavu na koti jepesi la kuzuia upepo. Koti si la mvua tu. Ukifika kileleni umelowa jasho kisha ukateremka nusu saa, vidole hufa ganzi na huwezi kuzihisi breki.
- Maji lita 2, na pesa za noti ndogo za kununulia mengine njiani.
- Tyubu 2 za saizi ya gurudumu lake (26, 27.5 au 29). Angalia na valvu: valvu nene ya aina ya gari haiingii kwenye rimu yenye tundu jembamba. Wengi hugundua hili wakiwa wamepiga magoti porini.
- Chakula cha saa zote za safari na kimoja cha ziada.
- Taa ya mbele na ya nyuma, hata kama ratiba inasema mtarudi mchana.

Kundi zima, vigawanywe kwenye mikoba miwili:

- Pampu 2, viraka, msasa na solusheni. Fungua solusheni nyumbani uibonyeze, maana iliyowahi kufunguliwa hukauka ndani ya wiki chache.
- Vijiti 3 vya kubandulia tairi, na kipande cha tairi kuukuu cha sentimeta 10 cha kuweka ndani tairi likichanika ubavuni.
- Spana za L za milimita 4, 5 na 6, na ya nyota T25 kwa boliti za diski.
- Kifaa cha kukatia mnyororo na viungo vya kuunganishia. Viungo vifuate idadi ya gia za nyuma: cha mnyororo wa gia 8 hakikai kwenye wa gia 11.
- Waya 1 wa gia, waya 1 wa breki, na jozi 2 za pedi za breki za aina zilizo nyingi kundini.
- Vifungo 10 vya plastiki vya kufungia nyaya, na tepu.
- Mkoba wa huduma ya kwanza: bendeji pana 2, shashi, plasta, glavu za mpira, chupa ya maji safi ya kuoshea vidonda, blanketi jembamba la kuhifadhi joto, na kanga moja. Kanga huning'iniza mkono uliovunjika vizuri kuliko bendeji nyingi za dukani.
- Filimbi 3.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya mwinuko, si ya kilometa

Kilometa 40 za Dodoma na kilometa 40 za Lushoto ni safari mbili tofauti. Mombo iko chini tambarare, Lushoto mjini ni karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na ukitoka Lushoto kwenda Magamba unaendelea kupanda. Kwa hiyo usianze safari ya klabu Mombo eti ili watu wapashe misuli moto. Zile kilometa 33 za lami hadi Lushoto ni kupanda mfululizo kando ya mabasi na malori. Pandeni na gari, anzeni juu.

Kwa kundi mchanganyiko, tumia hesabu hii:

1. Gawa kilometa kwa 15 upate saa.
2. Ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Jumlisha milima yote ya njiani, usitazame tofauti ya mwanzo na mwisho peke yake.
3. Ongeza robo ya jumla hiyo kwa pancha, chakula na kusubiriana.

Tuseme njia ni kilometa 42 na jumla ya kupanda ni mita 1,100. Kilometa zinatoa saa 2 na dakika 48, mwinuko saa 1 na dakika 50. Jumla ni saa 4 na dakika 38. Ongeza robo, unakaribia saa 5 na dakika 50. Mkiondoka saa 2 kamili asubuhi mtafika kama saa 8 mchana.

Hesabu ikikupitisha saa 10 jioni, punguza njia, usiongeze mwendo. Kwetu giza halibembelezi: jua likishazama, baada ya dakika ishirini na kitu hulioni jiwe lililo mbele ya gurudumu. Ndani ya msitu giza hutangulia zaidi.

Kundi linalokwenda milimani mara ya kwanza lisizidi kilometa 30 na mita 700 za kupanda. Watakaobaki na nguvu watapata bia au soda mapema.

Msimu. Epuka masika, Machi hadi Mei. Juni hadi Septemba njia ni kavu, ila asubuhi ni baridi na ukungu unaweza kukaa hadi saa 4. Vuli, Oktoba hadi Desemba, inawezekana kwa sharti moja: mvua kubwa ikinyesha usiku, subirini siku moja au mbili.

## Hatua ya 2: Ipiteni njia kwanza, kwa baiskeli

Waende watu wawili, ndani ya wiki mbili kabla ya safari. Waende kwa baiskeli. Anayekagua kwa pikipiki huleta habari ya pikipiki: "panapitika tu," kumbe ni kilometa nzima ya mchanga unaomeza tairi.

Pakua ramani kwenye simu iwe inafunguka bila mtandao, na rekodi njia mnayopita. Lakini msiishie hapo. Chukueni daftari, andikeni kila njia panda kwa namba, kilometa, alama na upande. Mstari mmoja uwe hivi:

*Na. 6, km 11.4. Mkaratusi mkubwa pekee. KUSHOTO, inateremka. Ya kulia ni pana na inavutia zaidi: inaishia kwenye shamba la kabichi.*

Ile sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani. Andika njia isiyo sahihi inafananaje, kwa kuwa ndiyo itakayomvuta mtu aliyechoka. Alama iwe kitu kisichohama: msikiti, daraja, mti mkubwa, jiwe. Duka lenye mwavuli mwekundu kesho halina mwavuli.

Andikeni pia:

- Wapi simu inashika, na kwa mtandao upi. Jaribuni laini mbili tofauti.
- Wapi gari linaweza kufika kuchukua mgonjwa au baiskeli. Kwenye nusu ya njia za huku pick-up inapita na Noah haipiti.
- Wapi kuna duka la maji.
- Njia ya kukatisha safari, walau moja baada ya nusu ya kwanza.

Mmefaulu ikiwa mtu wa tatu, ambaye hakwenda, anaweza kulisoma daftari akakuelezea safari nzima.

## Hatua ya 3: Ruhusa na hodi

Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na kuingia humo kunahitaji kibali na malipo. Yamalizeni siku moja kabla. Msipange kulipia getini asubuhi ya safari huku watu kumi na mbili wamesimama kwenye baridi.

Nje ya hifadhi, njia nyingi nzuri hupita kati ya mashamba. Mwoneni mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, mtaje siku, saa na idadi ya watu. Mwulizeni mambo mawili: siku ya soko, na mifereji ya umwagiliaji inakatiza wapi. Siku ya soko barabara hujaa Fuso za mboga na watu wenye mizigo. Na ukingo wa mfereji ukibomolewa na tairi za baiskeli kumi na mbili, kuna mtu maji hayatamfikia shambani.

## Hatua ya 4: Kagueni baiskeli siku tatu kabla

Siku tatu, ili kinachokosekana kiagizwe Tanga, Moshi au Dar. Ukaguzi wa asubuhi ya safari hugundua ubovu ambao hauna dawa tena.

Breki. Toa pedi uzitazame. Sehemu laini inayosugua diski ikibaki chini ya milimita 1, badilisha. Kwa breki za mpira, mistari iliyochongwa kwenye mpira ikiwa imefutika, badilisha. Bana kishikio kwa nguvu sekunde 10: kikizama polepole kuelekea usukani, mafuta yanavuja au yana hewa. Baiskeli hiyo haiendi.

Mnyororo. Chukua rula. Viungo 12 kamili (kila kimoja ni jozi ya cha ndani na cha nje), pini hadi pini, ni milimita 305 mnyororo ukiwa mpya. Ukifikia 307 umetanuka, na utaruka meno pale pale unapokanyaga kwa nguvu zote mlimani. Mnyororo wa gia 11 au 12 usiusubiri ufike huko. Badilisha ukivuka 306. Ukibadilisha, jaribu kwenye kilima kabla ya safari, maana mnyororo mpya kwenye gia zilizolika huruka vile vile.

Upepo. Kwa tairi za inchi 2.25 zenye tyubu, anzia hapa:

- Mtu wa kilo 60: mbele psi 24, nyuma 27.
- Mtu wa kilo 75: mbele 27, nyuma 30.
- Mtu wa kilo 90: mbele 31, nyuma 34.

Wanaotumia tairi zisizo na tyubu wapunguze 4 au 5, na wahakikishe maji ya kuziba pancha hayajakauka ndani. Upepo mwingi hufanya tairi lidunde juu ya mawe na kuteleza kwenye kona. Mchache mno, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu. Utaitambua pancha hiyo kwa matundu mawili yaliyo sambamba. Kubonyeza kwa dole gumba si kipimo. Tafuteni pampu moja yenye saa, mpimie baiskeli zote.

Gurudumu na fremu. Shika tairi juu, litikise kushoto na kulia. Likicheza, gololi au ekseli zinahitaji fundi. Pitisha vidole kwenye spoku zote, iliyolegea utaisikia. Tazama kwa nyuma mkono wa gia, ule unaoning'inia na kuvuta mnyororo: ukiwa umepinda kuelekea spoku, unyooshwe sasa, la sivyo gia nyepesi kuliko zote itauingiza kwenye gurudumu.

## Hatua ya 5: Gawa kazi

Kundi moja lisizidi watu 12. Mkiwa 20, fanyeni makundi mawili yanayoachana dakika 15, kila moja na viongozi wake. Kazi ni nne:

- Kiongozi yuko mbele, naye lazima awe mmoja wa walioipita njia. Kasi ni ya kwake kuipunguza. Kijana mwenye mbio kuliko wote hafai hapa.
- Mfunga mkia ni wa mwisho daima. Hapitwi, hampiti mtu. Awe na subira na miguu mizuri, kwani ndiye atakayeanza na kusimama mara nyingi kuliko wote. Awe na nakala ya daftari.
- Fundi huendesha karibu na mkia. Akikaa mbele, kila pancha itamrudisha kilima alichokwisha kukipanda.
- Mwenye huduma ya kwanza hukaa katikati.

Kiongozi na mfunga mkia wawe na laini za mitandao tofauti. Mtafuteni pia dereva mmoja wa bodaboda anayezijua njia hizo, mpatane bei ya kuitwa, na bei ya kungoja hata asipoitwa.

## Hatua ya 6: Dakika kumi kabla ya kuondoka

Hesabuni watu kwa sauti, kila mmoja ataje namba yake, na namba hiyo iwe yake siku nzima. Kiongozi aseme njia kwa kifupi, mahali pa kupumzika, na amri ya filimbi: mlio mmoja simameni, milio mitatu msaada. Kila mtu atoe namba ya simu ya nduguye, ugonjwa alionao na dawa anazotumia, viandikwe kwenye karatasi ya mwenye huduma ya kwanza. Mwenye pumu aonyeshe dawa ilipo. "Iko kwenye begi" haitoshi, mfuko upi?

Halafu kila mtu afanye mazoezi ya utaratibu wa njia panda (Hatua ya 8), hapo hapo uwanjani, mara mbili. Watacheka. Wacheke.

## Hatua ya 7: Kupanda

Badilisha gia kabla ya mlima kuanza kuuma. Anayebadilisha akiwa amekanyaga kwa nguvu zote hukata mnyororo. Kaa mbele kidogo ya kiti, inamisha kifua, kanyaga kwa mzunguko ulio sawa. Ukisimama juu ya pedali kwenye changarawe, uzito huondoka nyuma na gurudumu hujizungusha bure.

Kila mtu apande kwa kasi yake. Mkilazimisha kundi kupanda pamoja, mwenye nguvu ataanguka kwa kwenda polepole mno na mchovu atakata pumzi kwa kwenda haraka mno. Sharti ni moja: wote wanasimama kileleni. Kiongozi asianze tena hadi wa mwisho apumzike dakika 5. Kosa linalojirudia ni wa mbele kuondoka pale pale wa mwisho anapotokeza, kwa hiyo mchovu kuliko wote ndiye pekee asiyepumzika. Akifika mara tatu hivyo, ya nne hafiki.

Kusukuma si aibu. Mwinuko ukifika mahali unaendesha kwa kasi ya mtembea kwa miguu, shuka, unabakiza nguvu.

Kuhusu kula: kitu kidogo kila dakika 40, kabla ya njaa. Ndizi mbivu moja, tende nne au tano, kipande cha kiazi kitamu au nusu chapati vinatosha kwa kila mara. Maji nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa. Chupa moja iwe na vijiko vidogo 4 vya sukari na robo kijiko cha chumvi kwa lita, kamulia limau.

## Hatua ya 8: Njia panda

Utaratibu huu ukifuatwa, mtu asiyeijua njia kabisa hawezi kupotea.

1. Kiongozi anafika njia panda, anasimama. Anamnyooshea kidole aliye nyuma yake moja kwa moja: "Wewe, kulia." Anayeachwa anajibu "kulia." Asipojibu, kiongozi haondoki.
2. Huyo sasa ni mlinzi. Anasimama ndani ya njia inayofuatwa, hatua chache baada ya mgawanyiko, gurudumu la mbele likielekea huko, mahali anapoonekana na anayekuja. Hakai kivulini nyuma ya ukuta.
3. Anamwonyesha upande kila anayepita. Hana haja ya kuhesabu. Anamngoja mtu mmoja tu kwa sura yake: mfunga mkia.
4. Mfunga mkia akifika anamwambia "nimefunga, nenda." Mlinzi anatangulia mbele ya mkia.
5. Njia panda inayofuata, aliye wa pili kwa wakati huo ndiye anayeachwa.

Sasa hesabu ambayo viongozi wengi huisahau. Kati ya watu 12, toa kiongozi, mfunga mkia, fundi na mwenye huduma ya kwanza, ambao hawaachwi. Wamebaki 8. Mkia ukikwama nyuma kwa pancha, kiongozi atakuwa ametumia walinzi wote baada ya njia panda nane. Kwa hiyo asivuke ya sita bila kusimama na kungoja kundi likamilike. Kwenye mashamba ya Lushoto njia panda sita zinaweza kuisha ndani ya kilometa mbili.

Njia panda ni ipi? Ni popote ambapo mtu aliyechoka, macho yako chini, anaweza kwenda kwingine. Pale Magamba barabara inapogawanyika, upande mmoja Migambo na mwingine Lukozi na Mtae, kila mtu ataona kuwa ni njia panda. Hatari ni ile njia ya miguu inayochepuka taratibu kwenye mteremko, ambapo aliye kasini haoni hata kuwa amechagua. Ukiwa na shaka, acha mtu.

Yanayoharibu utaratibu huu:

- *Mlinzi anaondoka mapema.* Amesikia baridi, au rafiki yake amepita akamwambia "twende, wa nyuma wanakuja." Hili ndilo kosa namba moja. Mlinzi haondolewi na mtu yeyote isipokuwa mfunga mkia. Akikaa dakika 30, akae. Koti analo.
- *Mtu anachepuka haja ndogo bila kusema.* Mkia unampita, anabaki nyuma ya kundi zima. Dawa: ukitoka njiani, acha baiskeli yako imesimama njiani. Mfunga mkia akiikuta, anangoja.
- *Mtu anakata tamaa na kurudi mjini.* Amwambie mfunga mkia uso kwa uso, asitume ujumbe kwa mwingine.
- *Kiongozi anatafuta waliochelewa kwa kurudi na kundi lote.* Watapishana kwenye njia mbili tofauti. Baada ya dakika 20 za kungoja, arudi mtu mmoja mwenye nguvu, hadi kwa mlinzi wa mwisho tu, alete habari.

Na kanuni moja ya anayepotea, kila mtu aijue kwa moyo: ukifika njia panda huoni mlinzi, usichague. Rudi ulipomwona mlinzi mara ya mwisho, kaa hapo, na kama una filimbi ipige mara tatu.

Mmefaulu mkiona njia panda zinapita kimya: hakuna anayepiga kelele, hakuna anayepiga simu, na namba zikiitwa kileleni zinatimia.

## Hatua ya 9: Kuteremka

Kabla ya mteremko mrefu wote wasimame. Vaa koti, shusha kiti sentimeta 4 hadi 6, jaribu breki zote mbili. Mtu aondoke, wa pili ahesabu hadi tano, naye aondoke. Aliye nyuma asimpite wa mbele mpaka chini. Marufuku hii haina mjadala, hata kwa anayejiita bingwa.

Mwili. Simama juu ya pedali, zote mbili usawa mmoja, magoti na viwiko vimelegea, makalio nyuma ya kiti. Kidole kimoja au viwili kwenye kila breki. Macho yatazame mita 15 mbele. Ukilitazama jiwe utaligonga.

Breki. Bana, punguza mwendo, achia, acha ipoe, bana tena. Anayeshikilia breki kidogo kidogo kutoka juu hadi chini huchemsha mafuta ya breki, na kishikio huzama hadi usukani bila kusimamisha kitu. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa umenyooka. Ndani ya kona yenye changarawe, breki ya mbele hulitelezesha gurudumu na unatangulia bega. Ukisikia harufu ya kuungua au breki ikilia tofauti, simama dakika 10. Usimwagie diski maji, hupinda.

Vinavyoangusha watu. Mifereji midogo iliyochimbwa kukatiza barabara ili maji yatoke: nyanyua gurudumu la mbele kidogo na upite kwa pembe ya mraba. Kingo zilizoliwa na maji. Na bodaboda: wengi huzima injini kwenye mteremko kuokoa mafuta, kwa hiyo inakuja nyuma yako bila sauti. Kaa kushoto hata kama kulia ni laini zaidi, na kila kona usiyoiona mbele ihesabu kuwa ina Fuso.

Watembea kwa miguu. Mama aliyebeba mzigo wa kuni kichwani hawezi kugeuza shingo kukutazama, na kengele ya ghafla humshtua. Toa sauti ukiwa mita 30: "Shikamoo mama, tunapita kwa nyuma." Punguza hadi mwendo wake. Njia ikiwa nyembamba, shuka, simama upande wa bondeni, yeye apite upande wa mlima. Wa mbele aseme na idadi: "tuko kumi na mbili," ili asirudi njiani baada ya wa pili.

## Hatua ya 10: Kitu kikiharibika

Toeni baiskeli njiani kwanza. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole ndani ya tairi lote. Mwiba ukibaki, tyubu ya pili itadumu dakika tano.

Tope jekundu ndilo mharibifu mkubwa. Hujaa kati ya tairi na fremu, kisha huingia kwenye gia. Ukisikia mnyororo unasaga, simama *papo hapo*. Ukikanyaga mara tatu zaidi, mkono wa gia hung'oka na kile kibati cha alumini kinachoushikilia kwenye fremu huvunjika. Tafuta kijiti, kwangua, mwagia maji kidogo kwenye gia, endelea kwa gia ya katikati. Tope likizidi, beba baiskeli ukitembea kwenye majani pembeni.

Kibati kikivunjika na hamna cha akiba (kila fremu ina chake), toeni mkono wa gia, fupisheni mnyororo upite moja kwa moja kutoka gia ya mbele hadi gia moja ya katikati nyuma, ulionyooka na usiolegea. Mtu atafika nyumbani kwa gia moja, akisukuma vilima.

## Hatua ya 11: Mtu akiumia

Mmoja aende juu na mmoja chini kuzuia wanaokuja. Msimnyanyue aliyeanguka, mwache aseme kinachouma. Akiwa na maumivu ya shingo au mgongo, au miguu ina ganzi, asisogezwe mpaka msaada ufike, labda tu kama alipo pana hatari.

Damu inayotoka kwa wingi: shashi, kandamiza kwa kiganja dakika 10 bila kuchungulia. Mtulinga uliovunjika, ambao ndio kawaida ya waendesha baiskeli, ning'inizeni mkono kwa kanga, mfunikeni asipoe.

Kofia ikipasuka, au mtu akauliza swali lile lile mara mbili, au hakumbuki alivyoanguka, safari yake imeisha hata akisema yuko fiti. Aende hospitali ya wilaya, asiende peke yake. Namba ya dharura Tanzania ni 112, lakini milimani mara nyingi bodaboda mliyepatana naye, au pick-up, hufika kwanza. Bodaboda ni kwa anayeweza kukaa na kujishika tu.

## Hatua ya 12: Kufunga safari

Iteni namba tena, zote, kabla ya mtu yeyote kuondoka. Anayeishi njiani na anataka kuchepukia kwake aseme namba yake kwa mfunga mkia kwanza.

Osheni baiskeli siku hiyo hiyo, kwa ndoo na brashi. Mashine ya kuoshea magari husukuma maji kwenye gololi na kutoa grisi. Kausha mnyororo, utie mafuta, futa yaliyozidi. Mafuta yasiguse diski: pedi zikishanyonya mafuta hazisafishiki, ni za kutupa.

Kiongozi na mfunga mkia wakae na daftari kabla ya kulala. Waandike muda halisi wa kila kipande, njia panda iliyokosa mlinzi, na mahali mkia ulipoachwa zaidi ya dakika 10. Kisha mlipeni yule wa bodaboda pesa yake ya kungoja, hata kama hakuitwa.